Sawa Mbili

Watu wa mjengo wana maneno machache, lakini kila neno wanalibebesha mizigo mitatu. Chukua hili la "sawa". Mwalimu atakuambia sawa ni sawa, kwisha maneno. Mwalimu hajawahi kusimama chini ya slabu ya konkriti.

Naftaly Gachanja, mnyapara, alikuwa na sawa mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, imekatwa kwa panga: sawa! Hiyo maana yake endelea, piga kazi. Ya pili aliivuta na kuishusha mwishoni, saaawaaa, na hiyo maana yake nimekusikia, tulia hapo hapo, usiguse kitu mpaka nije nione kwa macho yangu. Wafanyakazi wote walizisikia, na wengine walizichanganya wakatukanwa. Kiprotich hakuwahi kuzichanganya. Aliuliza kutoka ghorofani, Naftaly akajibu kutoka chini kando ya mashine ya kuchanganya konkriti, na hata mashine ingurume vipi, sawa ilifika juu ikiwa nzima pamoja na mvuto wake.

Kiprotich alikuwa fundi wa mbao. Ndiye aliyetengeneza kasha la kumwagia konkriti, akasimamisha chini yake zile nguzo za mkaratusi zinazoshikilia slabu mpaka ikomae, na siku ikifika ndiye aliyeziondoa. Yeye na Naftaly walikuwa chanda na pete. Walijenga Molo, wakajenga Naivasha pale Kihoto mpaka ziwa likafurika na kuwafukuza, wakarudi Nakuru wakapanga vyumba jirani mtaa wa Rhonda. Kiprotich wa Kuresoi, Naftaly babake alitoka Nyeri, na walitaniana kwa hilo kila siku ya Mungu. Kiprotich alimwambia Naftaly kwamba watu wa Nyeri hawajui kunywa maziwa, na Naftaly alimjibu kwamba watu wa Kuresoi wanakunywa yakiwa yameshaharibika.

Lakini chini ya utani kulikuwa na jambo. Mwaka ule mbaya, ule ambao huko Kuresoi hawapendi kuutaja, Naftaly alikuwa huko akijenga darasa. Moto ulipoanza, na watu wa kabila la Naftaly wakawa wanasakwa, Kiprotich alimficha kwenye ghala la viazi nyuma ya nyumba yake. Vijana walikuja getini na mishale, na mkewe Kiprotich, Jepleting, ndiye aliyetoka kuwakabili. Akawaambia, "Humu ndani kuna viazi tu, na vikioza mtanilipa." Wakaondoka. Tangu hapo Naftaly hakuhesabu nyumba ile kuwa ya rafiki. Ilikuwa kwao. Krismasi alikula huko, na Cheruto, binti wa nyumba ile, alimwita baba mdogo.

Basi mwaka jana ofisi ikaleta programu ya simu.

Tuseme haki, kabla ya programu ile mjengo ulikuwa fujo tupu. Lori la konkriti linafika, kumbe vyuma havijafungwa. Fundi wa vyuma anangoja fundi wa mbao, fundi wa mbao anangoja fundi wa mabomba, fundi wa mabomba ameenda kuzika shangazi na hakuna aliyeambiwa. Kila mtu anapiga kelele na hakuna anayesikia. Injinia Wamuyu, msichana mpole ambaye buti zake zilijaa matope kama za kila mtu, alipanda juu ya rundo la mchanga akawaeleza. Kila kazi itakuwa na kisanduku chake kwenye simu. Kikiwa chekundu, kazi inangoja neno. Kikiwa kijani, twende. Fundi atauliza kwa simu, mnyapara atajibu kwa simu, ofisi itaona yote, na hakuna lori litakalokuja kabla ya wakati wake.

Na ikafanya kazi, tusiisingizie. Malori yakaja yakakuta vyuma tayari. Ugomvi ukapungua. Jengo lile la ghorofa nne likapanda mpaka majirani wakaanza kusema kuna mambo. Wafanyakazi waliibandika programu jina la Mama Mkwe, maana ilikuwa haichoki kuuliza, na usipoijibu inakulilia mfukoni mpaka watu wanageuka. Kibonyezo cha kuijibu kilikuwa kimoja tu, cha kugeuza kisanduku kijani, na juu yake Wamuyu alikuwa amechagua kuandika neno ambalo kila mtu analijua. SAWA.

"Gachanja," Kiprotich alimwambia siku moja wakinywa chai, "hii Mama Mkwe imekufunza adabu. Siku hizi hata hunitukani."

"Nikutukane na nini? Kibonyezo cha matusi hawakuweka."

"Waambie waweke. Nimekosa sauti yako bana, masikio yamepoa."

Wakacheka, chai ikaisha, kila mtu akarudi kazini kwake.

Siku yenyewe ilikuwa ya matope. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na lori la kokoto lilikwama getini, magurudumu yakizama kila dereva akikanyaga mafuta. Naftaly alikuwa hapo akisukuma na kufoka. Simu ikalia. Akaiacha. Ikalia tena. Akafuta kidole kwenye suruali, akaangalia. Kiprotich alikuwa ameandika kutoka upande wa nyuma: nguzo za veranda tutoe?

Veranda ile ilikuwa inaning'inia nje ya ukuta, haina nguzo ya kudumu chini yake. Ilimwagwa katika baridi na mvua. Naftaly hakuwa na uhakika nayo. Alitaka aende mwenyewe aigonge kwa nyundo asikilize, kama alivyofanya siku zote. Nasi tunajua hivyo kwa sababu mdomo wake ulisema. Pale pale getini, kama mtu aliye na Kiprotich mbele yake, alitamka kwa sauti, "Saaawaaa." Na huku akitamka, akabonyeza.

Mvuto wote ukabaki getini na dereva wa lori. Kilichofika nyuma kilikuwa kijani.

Kiprotich alikuwa na desturi ya kuwaondoa vijana wake kando na kuingia peke yake kutoa nguzo za kwanza. Siku hiyo pia aliwaondoa, akatoa nguzo, na veranda ikamwangukia. Ndiyo maana alikufa mmoja tu.

Naftaly alipofika alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka, akiita jina, na Maina fundi wa vyuma ndiye aliyemshika kiunoni akamvuta nyuma. "Mnyapara, acha. Ameenda." Naftaly alimpiga Maina ngumi ya kifua. Kisha akamkumbatia, wakaanguka wote wawili kwenye matope.

Kesho yake aliitwa ofisini. Aliyemhoji ni Weldon, mtu wa usalama wa kampuni, mwenye sauti ya upole sana. Wamuyu alikuwa ameketi pembeni, macho mekundu.

"Mzee, pole. Swali ni moja tu," Weldon alisema. "Ulipobonyeza Sawa, ulimaanisha nini?"

Naftaly hakuwa mtu wa kusema uongo. Tena usiku kucha alikuwa akijiambia jambo hilo hilo, akilisema na kulirudia. "Nilimaanisha angoje. Nilikuwa naenda kuangalia. Ile ilikuwa sawa ya kungoja."

"Kwa hivyo hukumruhusu kutoa zile nguzo."

"Ngai! Nimruhusu vipi, na veranda haijashika? Sikumruhusu."

Weldon akashusha pumzi, akafunga tableti yake. "Umetusaidia sana, mzee."

Alitoka pale moyo umepungua uzito kidogo, maana ameusema ukweli na ukweli ni mzigo ukiwa ndani. Maskini Naftaly. Hakujua amempa nani huo ukweli. Jioni yake neno lilikuwa limeshaenea kutoka ofisini mpaka Rhonda, na kutoka Rhonda likapanda milima mpaka Kuresoi: fundi alitoa nguzo bila ruhusa. Kijani ni alama kwamba ujumbe umeonekana, si ruhusa. Mnyapara mwenyewe amethibitisha.

Naftaly alimfuata Wamuyu hadi kwenye stoo. "Injinia, si wewe ulituambia kijani ni twende?"

"Nilisema hivyo, mzee. Na jana niliwakumbusha wakubwa ofisini. Niliambiwa ninyamaze." Machozi yakamtoka. "Lakini mzee, wanasema ni maneno yako. Na ni yako."

Yalikuwa yake.

Naftaly alikutana na Jepleting kwenye mochari, siku ya kuchagua nguo za marehemu. Alikuwa amevaa koti la Kiprotich lililomfika magotini, na Cheruto amemshika mkono. Jepleting hakuwa mtu wa kulialia mbele za watu. Alimvuta Naftaly kando kwenye ukuta.

"Baba Kui," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake kama siku zote, "sitaki maneno mengi. Nitakuuliza kitu kimoja. Aliingia pale mwenyewe, ama alitumwa?"

Naftaly aliangalia chini.

"Huko nyumbani," Jepleting aliendelea, "wanasema alijiua kwa haraka yake. Shemeji yangu anasema hivyo kwangu, ndani ya nyumba yangu, akinywa chai yangu. Cheruto amekataa kula. Miaka yote hiyo mwanamume huyu hakuwahi kutoa msumari kabla hajaambiwa, na leo nimzike kama mtu mjinga? Wewe ulikuwa naye. Niambie."

Akimwambia alitumwa, atakuwa amemwambia ni nani aliyemtuma. Akimwambia hakutumwa, atakuwa ameungana na shemeji. Njia zote mbili zilikuwa na mwiba.

"Mama Cheruto, tumzike kwanza," alisema. "Tumzike kwanza, halafu tutaongea."

Jepleting akavuta koti likamfunga vizuri. "Haya," alisema, akarudi kwa binti yake.

Jumatatu kazi ilirudi. Simu zililia, na kila mtu aliyefungua Mama Mkwe akakuta vibonyezo viwili. Kimoja kimeandikwa NIMEONA, kingine ENDELEA. Ilikuwa imechukua mwisho wa wiki mmoja tu kurekebisha. Maina aliitazama simu yake, akaigeuza uso chini juu ya matofali, akaenda kukojoa nyuma ya uzio ingawa hakuwa na haja. Naftaly alilia waziwazi siku hiyo, akiwa amesimama, bila kujificha, na vijana wakaendelea kupitisha ndoo kando yake.

Kuresoi siku ya mazishi kulikuwa na ukungu mzito, ule unaolowesha blanketi bila kunyesha. Hema lilikuwa limesimamishwa kando ya shamba la viazi vyenye maua, na watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, watu wa kanisa, majirani, mafundi waliokuja kwa gari la kukodi kutoka Nakuru. Wamuyu alikuja. Weldon pia alikuja, na shada la maua lililoandikwa jina la kampuni. Naftaly alikaa kiti cha mwisho. Miaka yote alikuwa akikaa mbele.

Mzee Kibii, kakake Kiprotich, alishika maikrofoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa mazishi yawe na funzo.

"Mimi nataka niambie vijana," alisema. "Ndugu yangu alikuwa fundi mzuri. Lakini mkubwa wa kazi hakuwa amemwambia atoe zile nguzo. Alienda na haraka yake, na haraka haraka haina baraka. Vijana, ngojeni muambiwe! Msiwe kama Kiprotich."

Watu wakaguna kwa kukubali, jinsi watu wanavyoguna matangani. Cheruto alikuwa ameinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Jepleting alikaa wima, anatazama jeneza, na midomo yake ilikuwa inatetemeka. Naftaly aliona ile midomo. Mwanamke aliyesimama mbele ya mishale akaongea kuhusu viazi, leo midomo inamtetemeka kwa sababu mumewe anatajwa kama mfano wa ujinga kando ya kaburi lake. Na aliyewapa maneno hayo ya kusema ni yeye Naftaly, kwa ukweli wake.

Mchungaji akaita rafiki wa marehemu.

Alipanda mbele polepole, kofia mkononi. Alikuwa amepanga kusema jinsi walivyoanza kazi, na kile kisa cha Kihoto ambapo Kiprotich alivua kambare ndani ya stoo ya simiti, ili watu wacheke kidogo. Kisa chenyewe kikamtoroka kichwani.

"Mimi ndiye mkubwa wa kazi," alisema. "Huyo ambaye Mzee Kibii ametaja. Nimekuwa nikiambia watu kwamba nilimaanisha angoje. Niliambia ofisi hivyo." Akamgeukia Mzee Kibii. "Kiprotich hakuwa na haraka. Aliniuliza. Aliuliza vile fundi anatakiwa kuuliza, na akasimama kando ya zile nguzo akingoja jibu. Na mimi nikamjibu sawa."

Weldon akasimama nusu, akaketi tena.

"Lakini mnyapara," Maina alisema kutoka kwa mafundi, kwa uchungu, maana alimpenda. "Si wewe ulikuwa na ile nyingine ya kuvuta? Sisi wote tunaijua. Waambie!"

Hapa ndipo Naftaly angeweza kujiokoa. Mlango ulikuwa wazi na rafiki ameushika. Angeeleza habari ya getini, ya matope, ya mdomo wake uliotamka vizuri na simu iliyofikisha vibaya, na nusu ya watu wangemwonea huruma. Na Kiprotich angeshuka kaburini akiwa mtu aliyekosea kusikia.

"Maina, keti," alisema. "Hakuna sawa mbili. Sawa ni sawa. Nilimtuma, akaenda, akafa. Alifanya kazi yake mpaka mwisho. Makosa ni yangu, na mtu asiseme tena hapa kwamba Kiprotich alijiua."

Alirudisha maikrofoni, ikapiga yowe.

Mzee Kibii alikuwa amevua kofia. Alitembea hadi kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya ubao. "Ndugu yangu," alisema, bila maikrofoni, "nimekusema vibaya. Nisamehe." Wanawake wakaanza kulia, wa kanisa kwanza, halafu wote. Cheruto aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umevimba, lakini aliuinua, akawatazama majirani mmoja baada ya mwingine, na wao ndio walioangalia chini.

Naftaly alikuwa bado amesimama pale mbele. Hakujua aende wapi. Jepleting aliinuka, akaja mpaka karibu naye, karibu kiasi kwamba alisikia harufu ya moshi na ya Kiprotich kwenye lile koti.

"Asante, Baba Kui," alisema. "Hicho ndicho nilikuwa nataka kusikia."

"Mama Cheruto..."

"Umesema vizuri. Umesema mbele ya watu wote." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sasa tuachie mtu wetu."

Alidhani hajasikia sawasawa. "Nimtupie mchanga tu, mama. Mkono mmoja tu."

"Hapana. Mkono huo hapana. Nenda."

Alimtazama Cheruto, kwa mazoea, kama mtu anayetafuta wa kumwombea. Binti alikuwa ameshageuka, anamsaidia Mzee Kibii kuketi. Watu wakampisha. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemgusa. Walisogeza tu viti na miguu, na akina mama wakavuta watoto upande.

Wamuyu alimfikia chini kwenye barabara ya matope, akihema. "Mzee, kwa nini umesema vile? Si ulituambia ulimaanisha angoje?"

"Niliwaambia."

"Hawa watu hawatawahi kukusamehe. Na ofisi itakuuliza, polisi watakuuliza. Nitasema nini mimi?"

"Sema nilimtuma."

"Lakini si kweli!"

"Wamuyu mama," alisema, na ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo, "kuna mtoto huko juu ambaye leo atakula. Wewe rudi ukazike. Mwambie Kiprotich kwaheri kwa niaba yangu pia."

Wamuyu alisimama akilia, kisha akapanda tena mlimani maana mchungaji alikuwa ameanza maombi. Naftaly alibaki kando ya uzio. Wimbo ukaanza, na aliujua wimbo huo, lakini hakuimba. Ulipokwisha alisikia koleo zikiingia kwenye udongo na udongo ukianguka. Alisikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akavaa kofia yake na kuanza kutembea kuelekea Molo, kwa sababu gari la mafundi lilikuwa limeegeshwa ndani ya boma, na hakuweza kurudi kuliomba.